TEMBEA UONE: Majina Yaliyobaki Mjini Dar es Salaam

Juma hili twende Dar es Salaam. Najua wengi wenu mmekwisha fika huko, na wengine ndiko mnakokaa. Labda utasema moyoni, "Mji huo naujua, utanionyesha nini mimi?" Lakini kupita mahali si kupaona. Mtu aweza kupita mbele ya kitu kila siku kwa miaka ishirini, asubuhi akienda kazini na jioni akirudi, asijiulize hata siku moja: Kitu hiki kiliwekwa na nani, na kwa sababu gani?

Mgeni wa Dar es Salaam huonyeshwa majumba marefu, daraja la Kigamboni na stesheni ya treni ya umeme. Hayo ni mazuri, wala siyadharau. Mimi nitakuonyesha vitu vitatu tu vya zamani: sanamu, soko na nyumba. Mwenye miguu mizima aweza kuvizungukia vyote kwa asubuhi moja, bila nauli. Na vyote vitatu vina habari moja, nayo ni habari ya jina la mtu: jinsi linavyopotea, na jinsi linavyohifadhiwa. Mwisho wa safari nitakupa kazi ndogo ya kufanya nyumbani kwako. Basi usinikimbie njiani.

ASKARI ASIYE NA JINA

Tuanze katikati ya mji, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Mtaa wa Azikiwe. Magari yanazunguka usiku na mchana, na katikati ya mzunguko huo amesimama askari wa shaba. Yuko kama mtu anayekwenda mbele. Bunduki ameishika kwa mikono miwili, singe imechomekwa kwenye mtutu, na ncha yake imeelekea bandarini. Watu wa mjini hupatana hapo. "Tukutane Askari," husema, na kila mtu anajua ni wapi. Lakini ukimwuliza mmoja wao, "Askari gani huyo? Jina lake nani?" atakutazama kama mtu aliyeulizwa jina la mwembe.

Sanamu hiyo ilifanywa na Mwingereza James Alexander Stevenson, ikazinduliwa mwaka 1927. Ni ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914 na kwisha mwaka 1918. Vita ile ilikuwa ya Wazungu wa Ulaya, lakini kwa kuwa nchi yetu ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na jirani zetu wa Kenya walikuwa mikononi mwa Waingereza, moto ulivuka bahari ukatufikia. Waafrika wakawekwa pande zote mbili, wakapigana wao kwa wao katika ugomvi wasioujua mwanzo wake.

Kabla ya askari huyu mji ulikuwa na sanamu nyingine. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walimsimamishia sanamu Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyekuja na jeshi mwaka 1889 kuwapiga watu wa pwani waliomfuata Abushiri. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Baadaye Wissmann akawa gavana. Katika sanamu ile yeye alisimama juu, kifua mbele, na chini ya miguu yake alikuwapo askari Mwafrika, ameinua uso kumtazama bwana wake.

Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba mwaka 1916, waliing'oa sanamu ile na kuipeleka kwao. Mwaka 1921 waliirudisha kwa Wajerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Huko nako haikupata raha. Mwaka 1967 wanafunzi waliiangusha. Ikarudishwa mahali pake. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, na safari hiyo haikurudishwa.

Angalia ajabu hiyo, msomaji. Yule mkubwa aliyekuwa juu hayupo tena, na juu ya jiwe leo yuko askari Mwafrika peke yake. Mkristo aliyezoea kuimba Utenzi wa Bikira Maria katika sala ya jioni atakuwa amekwisha nielewa.

Lakini tusishangilie upesi. Sogea karibu, ukiangalia magari vizuri, usome maandishi. Yako kwa Kiswahili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Yale ya Kiingereza husemwa kuwa yalitungwa na mwandishi mashuhuri Rudyard Kipling. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana. Yanawakumbuka pia wapagazi, na kuwafananisha na viungo vya mwili ambavyo jeshi lilitembelea na kutendea kazi. Kisha yanatoa ahadi. Yanasema kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ni maneno mazuri. Sasa zunguka jiwe lote, pande zake zote, ulitafute jina hata moja. Hulioni. Ahadi ya jina imeandikwa kwa lugha tatu, na jina lenyewe halikuandikwa kwa lugha yo yote.

Si kwamba majina yote yalikuwa hayajulikani. Baada ya vita, Waingereza waliwaandikia askari wao wa Kizungu majina kwenye makaburi, kila mtu na jiwe lake. Kwa Waafrika wengi waliona yatosha kuweka sanamu katika miji mikubwa: moja hapa, moja Mombasa, na moja Nairobi. Huko Nairobi sanamu ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hapa kwetu mpagazi hakupata nafasi juu ya jiwe. Yumo katika maandishi tu.

Kosa hili lilikaa karibu miaka mia bila kukiriwa. Mwezi wa Aprili mwaka 2021, ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikasema tena kwamba huenda hesabu ikafika hata 350,000. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi katika Bunge lake. Kuomba radhi ni jambo jema. Lakini baba aliyefia porini mwaka 1917 hakuisikia, wala mjane wake, wala mwanawe.

SOKO LA WABEBA MIZIGO

Haya, tumwache askari, tutembee kuelekea magharibi. Tunavuka Mnazi Mmoja, na punde si punde tumeingia katika msongamano wa watu, vitambaa, ndoo, viatu, vitunguu na kelele. Hapa ni Kariakoo. Shika mfuko wako vizuri.

Waulize vijana kumi wanaouza hapa neno "Kariakoo" maana yake nini. Wengine watakuambia ni jina la mzee wa zamani. Wengine watasema ni Kizaramo. Kumbe si Kizaramo wala si mzee! Ni Kiingereza kilichopita katika vinywa vya watu wetu. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi katika jeshi lao, walichokiita Carrier Corps. Neno la pili hutamkwa "koo", herufi zake za mwisho hazisikiki. Watu walisikia "karia-koo", nao wakasema Kariakoo. Nairobi nako iko sehemu iitwayo Kariokor; jina ni lile lile, limekatwa na shoka jingine.

Ilikuwaje kikosi kikakaa hapa? Wajerumani walikuwa wamejenga hapa jumba karibu na mwaka 1914, la kumheshimia Kaisari wao. Vita ikaanza, sherehe ya Kaisari isifanyike. Waingereza walipoingia mwaka 1916, wapagazi wao wakawekwa hapa. Vita ilipokwisha jumba likageuzwa soko, nalo likaanza kazi mwaka 1923. Basi mahali palipotengenezwa kwa ajili ya mfalme pamechukua jina la wabeba mizigo. Kaisari alikimbia nchi yake mwaka 1918, na hapa Dar es Salaam ni watu wachache wajuao kwamba alikuwa na jumba. Lakini wapagazi hutajwa kila dakika, hata na kondakta wa daladala.

Lile soko la zamani liliondolewa, na soko jipya likajengwa kati ya mwaka 1970 na 1974. Aliyelichora ni Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika nchi zetu. Ukilitazama paa lake utaona maumbo makubwa ya saruji yaliyofunguka kama miavuli. Mwalimu Nyerere alilifungua mwezi wa Desemba mwaka 1975. Mwezi wa Julai mwaka 2021 moto uliliunguza, wafanya biashara wengi wakapata hasara kubwa, kisha kazi ya kulitengeneza upya ikafuata. Majengo huja na kwenda. Jina limebaki.

Lakini wapagazi hao walikuwa nani? Twende polepole hapa.

Vita ya Afrika Mashariki haikuwa ya magari. Barabara zilikuwa chache, na farasi na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Basi kila risasi, kila gunia la unga, kila hema na kila sanduku la dawa lilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Upande wa Waingereza peke yao, watu walioandikwa kubeba mizigo, pamoja na wale wa nchi za jirani, wanahesabiwa kufika karibu milioni moja. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao. Wengine walikwenda kwa mshahara. Wengine wengi walikamatwa tu: jumbe aliambiwa atoe watu kadhaa, akawatoa. Mtu alikuwa shambani kwake asubuhi, jioni yumo safarini, na mkewe hakuambiwa kaenda wapi.

Mzigo ulikuwa wa kilo 25 hivi, kwa mwendo wa siku nzima, katika mvua, matope na mito iliyofurika. Lakini usidhani kwamba risasi ndizo zilizowamaliza. Hasha. Walioshindwa na risasi walikuwa wachache. Waliouawa wengi waliuawa na maradhi: kuhara damu, malaria, homa ya mapafu. Na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au mtama alipewa unga wa mahindi, tena mara nyingi bila sufuria ya kutosha, bila kuni kavu, bila nafasi ya kuupika ukaiva. Alikula unga mbichi kwa sababu hakuwa na kingine, na tumbo lake likaharibika, na kesho yake akatwishwa mzigo tena. Wenye elimu ya historia hukadiria kwamba wapagazi waliokufa walizidi 100,000.

Wengi walizikwa kando ya njia. Majina yao yaliandikwa vibaya, au yaliandikwa ya utani, au hayakuandikwa. Kwa hiyo hata mshahara wa marehemu wengi haukufika nyumbani kwao, maana aliyekuwa na fedha hakujua amtafute nani, na aliyekuwa na haki hakujua aende kwa nani. Waona, msomaji, jina si pambo. Jina likipotea, haki ya mjane nayo hupotea.

Sasa angalia mbele yako. Anakuja kijana na mkokoteni umejaa magunia, jasho linamtoka, anaomba njia. Watu wanamfokea. Huyo naye ni mbeba mzigo wa Kariakoo, mrithi wa wale. Jina la soko zima ni lake yeye kuliko la mwenye duka. Mpishe.

NYUMBA YA SULTANI, JINA LA MTUMWA

Sasa turudi baharini, tufuate Mtaa wa Sokoine mbele ya bandari. Ukipita unaona mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897 na kumalizika mwaka 1902. Sisi Wakatoliki tunalijua sana, kwa hiyo sitasimama hapo leo. Piga ishara ya msalaba, twende mbele kidogo.

Karibu na hapo iko nyumba ya zamani yenye kuta nene, ambayo watu wengi hupita bila kuigeuzia shingo. Nyumba hii ni mojawapo ya nyumba za kale kabisa katika mji wote. Ilijengwa katika miaka ya 1860, wakati ule ule lilipojengwa Boma la Kale lililo jirani yake.

Mwenye kuijenga alikuwa Sultani Majid bin Said wa Unguja. Siku zile hapa palikuwa na kijiji cha wavuvi kiitwacho Mzizima. Sultani Majid aliipenda bandari hii, maana imejificha na mawimbi hayaingii ndani. Akataka kujenga mji mpya, akaupa jina la Kiarabu la salama na amani. Boma lilikuwa kwa ajili ya wageni wake. Nyumba hii ninayokuonyesha ilikuwa ya jamaa ya nyumbani mwake. Lakini Majid alifariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuujali mji huo, na majumba mengi yakaanza kuliwa na mvua na miti.

Katika siku hizo za Majid, biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea waziwazi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu. Sultani na matajiri wa pwani waliishi kwa jasho la watu walionunuliwa. Jambo hilo lilijulikana na wote, wala halikuonewa haya.

Sasa sikiliza. Karibu na miaka ile ile nyumba hii ilipokuwa ikijengwa, mbali sana upande wa magharibi ya Afrika, kando ya Mto Niger karibu na Timbuktu, alizaliwa mtoto mwanamume. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi wezi wa watu walimteka. Akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa, akauzwa tena, mpaka akafika Algeria. Huko Mapadre Weupe, ambao leo twawaita Wamisionari wa Afrika, wakamkomboa. Alibatizwa mwaka 1882, akaitwa Adriano. Jina lake la nyumbani likabaki: Atiman.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lile, alikuwa na shauri. Alitaka vijana Waafrika wasomeshwe uganga wa hospitali, wapate kuwatibu Waafrika wenzao na kuwafundisha dini. Akawapeleka vijana hao kisiwa cha Malta. Atiman alisoma huko miaka mingi, akahitimu. Mwaka 1888 akaanza safari ya kuja kwetu, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Alikaa Karema tangu mwaka ule mpaka alipokufa mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: ni miaka 67! Alikuwa mganga na katekista. Alitibu vidonda, homa, ndui na macho. Alifundisha watoto katekisimu. Alikwenda kwa mguu vijijini kuwatazama wagonjwa. Alioa binti wa chifu wa Wabende, na mwanawe Yosefu akapata daraja ya upadre mwaka 1923. Mtoto aliyeibwa kwao, asiweze kurudi tena kwa mama yake, alifanywa baba na watu wa nchi ambayo hakuizaliwa.

Nyumba ya Sultani Mapadre Weupe waliinunua mwaka 1922. Leo inaitwa Nyumba ya Atiman. Sultani aliijenga, lakini mlangoni haliitwi jina la sultani. Linaitwa jina la mtu aliyekuwa bidhaa sokoni.

Nami nakuuliza: Kwa nini Atiman tunamjua, na mpagazi wa Kariakoo hatumjui? Wote wawili walichukuliwa kwa nguvu. Wote wawili walitumikia wengine kwa mwili wao. Je, Atiman alikuwa mtakatifu zaidi? Mimi siwezi kusema. Mungu peke yake ajua. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: habari za Atiman ziliandikwa. Yeye mwenyewe alikaa akaeleza maisha yake, na mwaka 1946 maelezo yake yakapigwa chapa katika jarida la historia ya Tanganyika, angali hai. Kalamu ndiyo iliyofanya tofauti. Kalamu na karatasi, vitu vya shilingi chache.

KAZI YA NYUMBANI

Sasa tumefika mwisho, na nilikuahidi kazi.

Katika Injili tunasoma habari za mtu mmoja aliyekuwa akitoka shambani, akipita zake. Askari wakamkamata, wakamlazimisha kubeba mzigo usiokuwa wake. Alikuwa Mwafrika, mwenyeji wa Kirene, katika nchi iitwayo leo Libya. Msalaba ule ulikuwa wa Bwana wetu. Askari waliomkamata hatuwajui majina yao. Lakini yeye twamjua. Alikuwa Simoni. Na Mwinjili Marko hakuona yatosha kumtaja Simoni peke yake. Aliwataja na wanawe, Aleksanda na Rufo. Yaonekana watu walioisoma Injili ile mara ya kwanza waliwajua vijana hao, na vijana wale walijua vizuri sana baba yao alibeba nini.

Waona basi, ahadi ile iliyoandikwa chini ya askari wa shaba, kwamba wana watalikumbuka jina la baba, Marko aliitimiza kwa mstari mmoja. Hakuhitaji shaba wala fundi kutoka London.

Kazi yenyewe ni hii. Jumapili hii, baada ya Misa na chakula, chukua daftari la mtoto, ukae na mzee aliye hai katika jamaa yako: babu, bibi, shangazi, au mzee wa jirani. Mwulize majina ya wazazi wake, na ya wazazi wa wazazi wake. Mwulize kama yuko aliyekwenda vitani asirudi, au aliyetwaliwa kubeba mizigo. Katika nyumba nyingi za nchi yetu kulikuwako mtu kama huyo, na mara nyingi limebaki neno moja tu: "Babu mkubwa alikwenda na Wazungu, hakuonekana tena." Andika jina lake, hata kama huna hakika ya tahajia. Andika kijiji chake. Andika neno lo lote linalokumbukwa juu yake, kwamba alikuwa mrefu, au alijua kupiga zeze, au aliogopa maji.

Usiseme, "Nitamwuliza mwakani." Wazee hawatungoji. Kila mzee tunayemzika anakwenda na orodha nzima ya majina, na hapana tume ya Uingereza itakayoweza kuyatoa tena kaburini.

Kisha daftari hilo lisiwekwe sandukuni na mende. Siku ya pili ya mwezi wa Novemba, tunapowakumbuka marehemu wote, lifungue mezani, mtoto mmoja asome majina kwa sauti, na nyumba nzima mjibu kwa sala ya kuwaombea raha ya milele. Itakuwa dakika tano tu. Lakini katika dakika hizo tano mtakuwa mmefanya jambo ambalo serikali kubwa ilishindwa kulifanya kwa karibu miaka mia.

Na safari nyingine ukipita Kariakoo, mtu akakubebea gunia lako mpaka kituoni, usimlipe tu ukageuza mgongo. Mwulize jina lake, kisha mshukuru kwa jina hilo.

Basi, kwa herini, wasomaji wapenzi. Tukijaliwa, tutembee tena juma lijalo.